Mtoto akisema "mato" palipoandikwa "macho": dhana potofu kuhusu kusoma na kuandika Lamu

"Akishajua wimbo wa herufi, ameanza kusoma."

Wimbo humpa majina ya herufi na mpangilio wake, basi. Kusoma kunataka sauti. Mtoto aliyefunzwa "em" na "ei" akikutana na *ma* husema "emei", na haelewi neno *mama* limetokea wapi.

Kiswahili kina irabu tano, na kila moja husomwa vilevile popote ilipo. Anza na hizo. Zifuatishe konsonanti zinazovutika kwa pumzi, m, n, l na s, kabla ya zinazokatika papo hapo kama k, t na p. "Mmmm-a" huungana bila shida, lakini k ikitamkwa peke yake huja na irabu ya bandia, na mtoto akiunganisha hupata "ku-a" badala ya *ka*. Konsonanti hizo nne na irabu tano hutoa silabi 20, na tayari mtoto anaweza kusoma *mama, meli, simu, nane, mlima, soma*.

Tahadhari: chati ya *ma me mi mo mu* nayo hugeuka wimbo. Kata boksi la unga, andika kila silabi kwenye kadi yake, changanya, uanzie *mu* au *mi*. Atakayekwama hapo alikuwa akiimba.

"Amesoma ukurasa mzima bila kukosea, kwa hivyo anajua."

Watoto wetu huhifadhi tangu wadogo, na kumbukumbu hiyo ni hazina. Ila ukurasa uliosomwa darasani mara nyingi hushikika kichwani. Funika picha, kisha umwonyeshe neno moja la katikati ya mstari. Halafu mpe maneno yasiyo na maana: *lemu, sopi, natu*. Akiisoma *lemu* kuwa "limau", anakisia kwa herufi ya kwanza. Mrudishe kwenye silabi.

"Madrasa inamchanganya."

Kinyume chake. Mtoto anayetofautisha herufi za Kiarabu be, te na the kwa nukta tu ameshajua kwamba alama ndogo hubadilisha sauti, na kuunganisha herufi na irabu si jambo geni kwake. Yako mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza ni upande: Kiarabu huanzia kulia, kwa hivyo wengine huandika *bata* kuanzia kulia. Weka nukta ya rangi pambizo ya kushoto, kidole kianzie hapo kila mstari. La pili, alama za irabu za Kiarabu, fat-ha, kasra na dhumma, hutoa a, i na u. Basi e na o zinahitaji mazoezi zaidi, kwa jozi kama *pita* na *peta*, *tua* na *toa*.

"Anayesoma kwa Kiamu hajui kusoma."

Kiamu ni lahaja ya Kiswahili ya Lamu, na dhana hii ndiyo inayoumiza watoto zaidi. Mtoto akiona *macho* akasema "mato", amelitambua neno, amefika kwenye maana, na amelitamka kama linavyotamkwa kwao. Anayesema "mecho" ndiye aliyekosea, kwa kuwa irabu imempita. Ukiwapa wote wawili alama moja ya kosa, wa kwanza atajifunza kwamba kusoma kwa sauti ni kujitafutia aibu, na atanyamaza.

Tofauti hizo zina utaratibu, kwa hivyo zifundishwe kwa pamoja: *mato* na *macho*, *kitwa* na *kichwa*, *ndia* na *njia*, *ndaa* na *njaa*, *mai* na *maji*. Ziandike safu mbili ubaoni, ya nyumbani na ya kitabuni, watoto wenyewe watafute sauti iliyobadilika. Anayesoma "mato" aonyeshwe *ch* kwa kidole aisome tena, bila kukemewa. Katika imla vilevile, *mato* lisihesabiwe sawa na neno lililokosa herufi: masikio yake yamefanya kazi, kilichobaki ni umbo la kitabuni.

Sikio la mtoto wa Lamu hata husikia yasiyoandikwa. Kaa la moto na kaa wa pwani kwake si sauti moja, kwani k ya kaa wa pwani hutoka na pumzi, lakini kitabuni ni *kaa* na *kaa*. Akiuliza kwa nini, mjibu kwamba maandishi hayaonyeshi pumzi ile, na sentensi ndiyo itakayomwambia ni lipi.

"Anayesoma mbio ndiye msomaji."

Mradi wa Tusome, wa kufunza kusoma katika madarasa ya chini ya shule za msingi Kenya, ulioanza mwaka 2015, ulitumia kipimo cha maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza. Kiswahili hakikupendelewa: *hatukuwaona* ni neno moja lenye mzigo wa sentensi nzima. Kila baada ya kusoma uliza maswali mawili, na moja liwe la "kwa nini". Asiyeweza kujibu apunguze mwendo.

"Kunakili ubaoni ndiko kuandika."

Kunakili hufunza mkono. Tahajia huja kwa imla fupi, maneno matano na sentensi moja kila siku. Mwalimu atamke, mtoto arudie, apige kofi kwa kila silabi, aandike, kisha asome alichoandika yeye mwenyewe. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo huachwa, nayo ndiyo humfanya agundue kosa.

Makofi yataonyesha kwamba *mbu* ni *m-bu*, ilhali *mbuzi* ni *mbu-zi*, ingawa herufi tatu za mwanzo ni zilezile. Ndiyo sababu wengi huandika *buzi*: m ya *mbuzi* ni fupi na haina kofi lake. Mwambie aweke kidole ubavuni mwa pua, atamke *buzi*, kisha *mbuzi*. Kwenye *mbuzi* pua itatetema kabla midomo haijafunguka, na mtetemo huo ndio m ya kuandika.