Mizizi minene siyo inayokunywa maji

Wengi humwagia mti maji pale pale shinani, wakiamini mizizi minene ndiyo inayoyanyonya. Sivyo. Hiyo hasa huushikilia mti na kuyapitisha. Maji huingia zaidi karibu na ncha za mizizi michanga, kupitia vinyweleo vyembamba mno. Kila kimoja ni seli moja tu iliyorefuka na kupenya kati ya chembe za udongo. Ukiung'oa mche ovyo, hivyo ndivyo vinavyokatika kwanza.

Wala havivuti kama pampu. Ndani ya seli mna chumvi na sukari nyingi kuliko kwenye maji ya udongoni, basi maji hujipenyeza kwa osmosisi, yaani huhamia yenyewe kuelekea kwenye chumvi na sukari nyingi zaidi. Majani nayo, yakipoteza mvuke, huyavuta juu. Mbolea ya chumvichumvi ikizidi, chumvi ya udongoni huzuia maji kuingia kwenye seli, na mmea hunyauka hata kama udongo umelowa chepechepe.