Shairi halijawahi kusimamisha vita, sasa mbona linaogopwa?

Kila tukifanya mihadhara ya wazi ya fasihi hakukosi mtu wa kusimama na kuuliza, tena kwa kejeli kidogo, eti ni shairi gani limewahi kusimamisha vita. Mimi najibu hakuna. Lakini na mimi nina swali langu, mbona watu wenye majeshi, magereza na redio zao wamekuwa wakikosa usingizi kwa ajili ya mistari michache ya mtu ambaye hata gazeti hana?

Mwaka 1933 huko Urusi ya Stalin, Osip Mandelstam alitunga shairi fupi la kumsema Stalin mwenyewe. Hakuliandika, alikuwa analisoma kwa mdomo mbele ya marafiki wachache anaowaamini, sasa unajua tena mambo ya kuaminiana, habari zikavuja na Mei 1934 akakamatwa, na ni mbele ya mpelelezi ndipo alipoliandika kwa mkono wake. Akafia kambini karibu na Vladivostok, Desemba 1938. Mwenzake Anna Akhmatova akajifunza hapo. Mtoto wake wa kiume alikuwa ndani, na yeye alipanga foleni nje ya gereza la Leningrad miezi 17, kwa hiyo akawa anatunga juu ya zile foleni, anaandika kipande kwenye kikaratasi, rafiki anakikariri palepale, halafu kikaratasi kinachomwa moto. Utungo ule ukaishi miaka na miaka vichwani mwa watu. Ulichapwa kwanza nje ya nchi mwaka 1963, nyumbani kwao mpaka 1987.

Hapo ndipo ilipo siri yenyewe. Kitabu kinakamatwa, hotuba inasahaulika kabla viti havijakunjwa, ila kitu chenye vina na mizani kikishaingia kichwani hakipekuliwi na polisi yeyote.

Na wakubwa wanalijua hilo vizuri sana, maana nao wanalitumia! Watoto wa shule Uingereza walikuwa wanakaririshwa mstari wa Kilatini wa Horace, mshairi wa Roma ya kale, kwamba ni tamu na ni heshima kuifia nchi yako. Mshairi Mwingereza Wilfred Owen akaenda vita ya kwanza ya dunia, akaona watu wanavyokufa kwa gesi, akaurudisha mstari uleule mwishoni mwa shairi lake na kuuita uongo. Yaani hakuandika makala ya kupinga vita, aliingia kwenye kumbukumbu ya msomaji akaharibu kilichokuwa kimepandwa humo tangu utotoni. Aliuawa Novemba 4, 1918 na telegramu ya msiba ikamfikia mama yake tarehe 11, siku ileile vita vilipokwisha.

Kuhusu ubaguzi nitamtaja Claude McKay, Mjamaika aliyehamia Marekani. Mwaka 1919 watu weusi walivamiwa Chicago, Washington na kwingineko, naye akatoa shairi la mistari 14 la kusema kama ni kufa basi tufe tukipigana. Ukilisoma hutakuta neno mweusi wala mweupe popote. Wengine wanaona huo ni udhaifu, mimi naona ndiyo nguvu yake, aliyeonewa mahali popote analivaa linamkaa.

Sisi wa Kiswahili tunaita kufumba, na fundi wake kwangu ni Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Mwaka 1968 alitoa kijikaratasi cha kisiasa, Kenya: Twendapi?, hicho hakikuwa fumbo hata kidogo, akafungwa miaka 3. Humo gerezani akawa anaandika mashairi kwenye karatasi za chooni na yakawa yanatolewa nje kwa siri. Kuna moja juu ya mamba anayetakabari mtoni, na mwanzoni tu mshairi anasema wazi kwamba anaufumba huu utungo, wanaoweza wafumbue. Sasa wewe askari ukilikuta utamshtaki kwa kumtukana mamba? Ili umshtaki lazima kwanza ukubali kuwa mamba unamjua, na hapo umeshamtaja mkubwa wako mwenyewe.

Hila nyingine ni ya Dennis Brutus wa Afrika Kusini. Alipotoka gereza la Robben Island makaburu walimpiga marufuku kuandika chochote cha kuchapishwa, basi akaandika barua kwa shemeji yake Martha, barua za kifamilia tu, ila kila barua ni shairi la maisha ya jela. Zilichapwa nje mwaka 1968.

Nisidanganye lakini, mengi tunayoletewa yakiitwa mashairi ya kupinga dhuluma ni mabango yaliyokatwa mistari, hasira tupu, ukimaliza kusoma hukumbuki hata neno. Ukitaka kupima, funga simu ulale, asubuhi uone umebaki na nini.

Na yule wa mamba, Abdilatif, alitoka gerezani 1972, mwaka uliofuata mashairi yake yakatoka kitabu, Sauti ya Dhiki, na 1974 kitabu hichohicho kikapewa tuzo ya fasihi. Tuzo yenyewe ilikuwa na jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga.