Kidonge cha saratani ya mapafu hakina madhara?

"Yeye anameza vidonge tu, hayuko kwenye kemo, zile dawa kali za kuua seli za saratani, kwa hiyo hakuna cha kuogopa." Maneno haya husemwa sana kuhusu osimetinibu, dawa ya saratani ya mapafu inayouzwa kwa jina la Tagrisso. Ukweli umo, ila ni nusu.

Dawa hii, kwa kawaida kidonge cha miligramu 80 mara moja kwa siku, huzuia protini ya EGFR iliyobadilika, ile inayoiamrisha seli ya saratani igawanyike bila kukoma. Mwenye uvimbe usio na badiliko hilo hafaidiki nayo, ndiyo maana kipimo cha jeni hutangulia. Kumpa jirani vidonge vilivyobaki ni kumpotezea muda wa matibabu yanayomfaa.

Madhara yapo. Kuhara, vipele, ngozi kukauka na nyama ya pembeni mwa kucha kuvimba ni ya kawaida, na mengi hutulizwa. Yanayonitia hofu hutokea kwa wachache: mapafu yenyewe kuvimba, mapigo ya moyo kuvurugika, moyo kudhoofika. Kikohozi kipya au kuishiwa pumzi ghafla kusisingiziwe saratani. Mgonjwa awahi hospitali siku hiyohiyo.

Na kwetu Afrika Mashariki, ambako kifua kikuu bado kipo, kuna jambo jingine: rifampisini, dawa ya TB, hushusha sana kiwango cha osimetinibu kwenye damu. Daktari wa TB na wa saratani lazima kila mmoja ajue mwenzake ameandika nini. Kabamazepini ya kifafa nayo huleta tatizo hilohilo.