Kabla ya fuvu, tazama ukuta

Ukipanda Barabara ya Boma hapa Arusha, jengo la kale lililo mwisho wake ndilo Makumbusho ya Elimu Viumbe. Wageni wengi hukata tiketi na kukimbilia maonyesho ya chimbuko la binadamu. Mimi kazi yangu ni ukarabati wa majengo ya kale, na kila ninayempeleka pale humsimamisha kwanza nje.

Fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959 halisi lake liko Dar es Salaam. Nyayo za Laetoli, zenye umri wa miaka milioni 3.6, zimefukiwa kulekule zilikogunduliwa ili zisiharibike. Ya Arusha ni nakala. Kuta, lakini, ni zilezile. Wajerumani walijenga boma hili mwaka 1900 kama ngome ya kijeshi, baada ya kuwapiga Waarusha na Wameru kufuatia kuuawa kwa wamisionari wawili mwaka 1896. Walioijenga ni haohao walioshindwa, kwa kulazimishwa. Mwaka huohuo wa 1900, Machi 2, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Moshi, kulekule Old Moshi. Mtu akisema jengo ni zuri simkatalii, ila namwomba autazame unene wa ukuta na ajiulize wenye ngome walikuwa wakimwogopa nani.

Waingereza walilitumia kama ofisi za serikali. Mwaka 1987 likawa makumbusho.

Sasa ufundi. Ukuta wa mawe wa zama hizo hunyonya unyevu wa ardhini wakati wa masika, kisha huutoa taratibu kupitia lipu ya chokaa. Ukiupiga lipu ya saruji umeuziba. Unyevu unapanda juu zaidi, chumvi inajikusanya, rangi inabanduka, na ukuta unaliwa kwa ndani huku nje ukionekana mpya. Nimeliona hili kwenye majengo mengi ya kale, Arusha na Moshi, na linaniuma, kwa sababu aghalabu limefanywa kwa nia njema na kwa fedha nyingi. Tiba yake inataka subira: kubandua saruji yote, kuuacha ukuta ukauke hata kwa miezi, ndipo upigwe chokaa, tabaka jembamba juu ya jingine.

Nenda asubuhi, jua likiwa la ubavuni, viraka vyote vinajitokeza. Inama uangalie chini, karibu na msingi. Ukiona unga mweupe au lipu iliyovimba, waambie wahudumu wa mapokezi siku hiyohiyo.