Hapa Mfupa Haulambwi

Sisi wanaakiolojia tuna mazoea tuliyorithi kwa walimu wetu. Ukiokota kipande usichojua kama ni mfupa au jiwe, unakigusisha ulimini: mfupa hunata, jiwe halinati. Udongo mkavu tunauchekecha huku tunapiga soga, vumbi likitua kwenye vikombe vya chai. Nikimpokea mgeni kwenye eneo la taka za sumu, hayo ndiyo ninayomvua kwanza, kabla sijamvalisha ovaroli.

Mfano wangu wa kila mara ni Foundry Cove, ghuba ndogo ya mto Hudson huko Cold Spring, New York. Hapo palikuwa na West Point Foundry, kiwanda kilichosubu mizinga ya Parrott iliyotumika katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865. Karne moja baadaye kiwanda cha betri kikamwaga kadimi, metali yenye sumu, na nikeli katika ghuba hiyohiyo. Tope lilipoondolewa miaka ya 1990, historia na sumu vilikuwa vimelala kitanda kimoja.

Kadimi kwenye udongo hainuki, wala haiwashi ngozi. Ukiivuta na vumbi au ukiila kwa vidole vichafu, hujikusanya kwenye figo na kukaa humo miaka 10 na zaidi. Kwa hiyo siiamini pua yangu, naamini maabara. Meneja mmoja aliwahi kutuhimiza tuanze kabla majibu ya sampuli hayajarudi. Nilikataa, na leo ningekataa tena.

Marekani, sheria inamtaka mchimbaji wa maeneo haya awe na saa 40 za mafunzo na siku 3 za kazi chini ya msimamizi. Mengine ni nidhamu tu: udongo unaloweshwa usitimke vumbi, maji ya kuchekechea hayamwagwi ovyo, na buti haziendi nyumbani kwa watoto. Joto nalo lisidharauliwe. Ndani ya ovaroli isiyopitisha hewa, nimeona vijana wenye nguvu zao wakilegea kwa jua kabla sumu haijawafikia, ndiyo maana tunapokezana na kunywa maji nje ya mpaka wa eneo lenye sumu, tukishanawa mikono.

Linaloniuma ni mbao. Chuma na vigae huoshwa vikatakata, lakini mbao hunyonya. Kuna mhimili niliouchora na kuupima siku nzima, nikaupiga picha pande zote, kisha nikauacha upakiwe kwenye lori pamoja na taka.