Sampuli bilioni 1 hazikuonyeshi mpigo wa nanosekunde 1

Safari hii ni fundi kijana wa Ngamiani: "Kaka, nimepata oskiloskopu ya sampuli bilioni 1 kwa sekunde, bei nzuri. Si nitaona mpigo wa nanosekunde 1?" Huoni. Oskiloskopu ni chombo cha kuchora volti inavyobadilika kadiri muda unavyokwenda; mpigo ni volti inayopanda na kushuka ghafla, na nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Nimeshajibu swali hili mpaka nimechoka, kwa simu na kwenye kaunta za maduka ya spea hapa Tanga, sasa naliandika.

Namba kubwa kwenye boksi ni kasi ya kuchukua sampuli, yaani chombo kinapima volti mara ngapi kwa sekunde. Inayokuhusu ni ile ya megahezi, upana wa masafa, yaani ishara ya kasi gani inaweza kupita ndani ya chombo. Gawa 0.35 kwa upana huo, unapata muda wa kupanda wa chombo chenyewe, yaani muda ambao mstari wake unachukua kupanda hata ishara ikiruka ghafla: megahezi 100 ni nanosekunde 3.5, megahezi 50 ni 7. Saketi ya kuingizia ishara imeshaamua kabla sampuli hata moja haijachukuliwa. Bandarini ukiongeza makarani wa kuhesabu mizigo, lango halipanuki.

Chukua mpigo wa volti 5, upana nanosekunde 2, utazame kwa megahezi 50. Utaona kilima laini cha nanosekunde 6 au 7, kimo chake kama volti moja na nusu. Hilo ni umbo la oskiloskopu, mpigo wako haufanani hivyo, na kinachoniudhi ni watu kukiandika kimo hicho kwenye ripoti. Kinachobaki cha kuaminika ni eneo chini ya mstari, volti mara muda. Ukijua upana halisi wa mpigo kwa njia nyingine, unakipata kimo. Usipoujua, huna kimo.

Kupata muda halisi wa kupanda, vitabu vinasema chukua mraba wa muda ulioonekana, toa mraba wa muda wa chombo, tafuta kipeuo cha pili. Sawa, lakini jaribu: ukisoma 7.5 kwa chombo cha 7 unapata 2.7, ukisoma 7.3 unapata 2.1. Ile 0.2 ni unene wa mstari kwenye skrini! Mimi hapo naandika "mfupi kuliko chombo" na sitoi namba.

Na hiyo bilioni yenyewe inagawanywa. Oskiloskopu ya Rigol DS1054Z inaitoa kwa chaneli moja; washa zote nne, kila moja inabaki na milioni 250, yaani nukta moja kila nanosekunde 4. Mstari laini katikati ya nukta umechorwa na programu. Hata hivyo kwa pesa yake ni chombo kizuri, na kwa mipigo ya nanosekunde 20 kwenda juu nakipendekeza. DSO138, oskiloskopu ndogo ya kuunga mwenyewe, ni kilohezi 200, ya kujifunzia sauti tu. Multimita sahau.

Probu, ule waya wa kugusia saketi, iwe kwenye x10, swichi inayopunguza ishara mara kumi. Vua waya mrefu wa ethi wenye klipu, vaa kispringi kidogo kinachokuja ndani ya pakiti, kile ambacho watu wanakitupa. Waya wa sentimita 15 unaongeza mawimbi yake baada ya kila mpigo, halafu mtu anabadilisha kapasita nzima nzima. Wala usibane ethi ya probu kwenye draivu ya mota inayokula umeme wa gridi moja kwa moja: utapiga shoti.

Ila wengi wenu hamhitaji kupima, mnahitaji kunasa. Tuseme mashine ya kiwandani inahesabu mfuko mmoja mara mbili. Unataka kujua kama kuna mpigo wa ziada kwenye waya wa sensa. Flipu-flopu ya 74HC74, chipu ndogo inayokumbuka mpigo uliopita, mguu wa D ukiufunga kwenye volti 5 na waya wa sensa ukiuleta kwenye mguu wa kloki, inashika mpigo wa makumi ya nanosekunde na LED inabaki inawaka mpaka uirudishe sifuri. Ukitaka na upana, Raspberry Pi Pico, bodi ndogo ya kuprogramu, kwa megahezi 125 inasoma pini kila nanosekunde 8, mradi usiipe zaidi ya volti 3.3. Analaiza ya lojiki ya bei rahisi, kifaa kinachorekodi tu kama waya uko juu au chini, ile ya megahezi 24, inachungulia kila nanosekunde 42 hivi. Mpigo ukipita katikati, haikuambii kitu.

Kwa hiyo mdogo wangu, kama sensa yako ni ya volti 24, weka kwanza rezista mbili za kuigawa, kisha hiyo flipu-flopu. Pesa ya oskiloskopu ikae mfukoni mpaka LED iwake.