Gundi kwenye plamu: weka pampu ya dawa chini kwanza

Mvua za masika zikianza tu, picha ninayoletewa na wakulima ni ileile: shina la plamu huko Molo au Kuresoi, donge la gundi rangi ya chai ya rangi, na swali, "Nipige mankozebu ama Ridomil?" Usipige chochote. Hizo ni dawa za ukungu, na wewe bado hujui mti unaumwa nini.

Gundi si ugonjwa. Plamu na pichi hutoa gundi zikikatwa na panga, zikitobolewa na buu, mizizi ikikaa majini, hata mbuzi akijikuna kwa nguvu. Bakteria ni mshukiwa mmoja tu kati ya wengi.

Chukua kisu. Pembeni mwa gundi, kwangua ganda la juu tu, usifike kwenye mbao. Ukikuta kijani na weupe, shina ni zima hapo. Gundi ikiwa na vumbi kama la msumeno, tafuta tundu, ingiza waya, maliza buu. Fukua shingo ya mti pia, pale shina linapoingia udongoni: kahawia ikizidi kushuka mizizini, shuku ukungu wa udongo na maji yaliyotuama. Hapo ndipo Ridomil inaweza kuzungumziwa, tena baada ya kuchimba mtaro wa kutoa maji.

Donda la bakteria, Pseudomonas syringae, lina sura yake. Gome la ndani ni kahawia, limelowa, lina harufu ya uchachu kama pombe ya busaa iliyolala. Nje ya ukingo wa donda utaona vidoa vyekundu vilivyotangulia mbele. Juu mti unakauka, lakini chini mizizi i hai na inachipua upya, jambo linalomfanya mwenye shamba aamini kwamba dawa yake imefanya kazi!

Tawi likatwe sentimita 30 chini ya ukingo wa donda, wakati wa kiangazi baada ya mavuno, Januari au Februari. Ukikata Aprili, kidonda kibichi kinapokea mvua na bakteria pamoja. Futa msumeno kwa spiriti kila unapohama mti. Donda likizunguka shina lote, ng'oa.

Na kopa, yaani dawa ya shaba? Kopa oksikloraidi, gramu 50 kwa pampu ya lita 20, hulinda makovu yanayoachwa na majani yanapopukutika. Haipenyi gome. Ukiipiga majani yakiwa mabichi, hasa ya pichi, yanaungua na kutoboka, kisha unaniletea picha ya "ugonjwa mpya". Hata hivyo naipendekeza nikisitasita: majaribio ya nje yamekinzana, na huku kwetu majani hayapukutiki kwa mkupuo kama Ulaya, kwa hiyo siku ya kupiga ni ya kukisia.

Vinundu vigumu shingoni mwa mche ni bakteria wengine kabisa, Agrobacterium. Kwenye kitalu, toa mche kwenye mfuko wake uukague kabla hujalipa. Ukiviona, uache hapohapo. Kuvichonga hakusaidii, na ukiupanda unapeleka bakteria kwenye udongo wako.